Risasi ya Haraka Iliyotupotezea Msimu: Uchambuzi wa Kisa cha Bunduki ya .22

Kisa hiki kilitokea katika klabu moja ya ulengaji shabaha kwenye nyanda za juu za Kenya. Mimi ndiye niliyekuwa kocha, kwa hiyo maamuzi mengi yanayosimuliwa humu, mabaya kwa mazuri, yalikuwa yangu. Jina la mlengaji nimelibadilisha. Klabu na mashindano sivitaji, na aina tatu za risasi naziita kwa rangi ya utepe tuliobandika kwenye pakiti zake: Nyekundu, Kijani na Buluu.

Usuli

Zawadi alikuwa na miaka 19, mwanafunzi wa chuo, na alilenga akiwa amelala kifudifudi kwa umbali wa mita 50. Shindano lake ni risasi 60, na alama za juu kabisa ni 600. Msimu uliotangulia alikuwa akipata kati ya 575 na 580, mara nyingi kwa risasi za kuokoteza, kila mwezi aina tofauti kulingana na kilichopatikana. Tuliona akipata aina moja na kukaa nayo msimu mzima atapanda.

Risasi ya .22, yaani ya kipenyo cha inchi 0.22 hivi, ina jambo lake. Risasi nyingi kubwa huwa na kiwashio katikati ya kitako cha ganda. Hii haina. Unga wa kuwashia umezungushwa ndani ya ukingo mwembamba wa ganda, na pini ya bunduki hugonga ukingo huo. Risasi hii, ambayo jina lake kamili ni .22 Long Rifle, iko sokoni tangu miaka ya 1880, na ni ya bei nafuu kutengeneza, lakini ganda likishatumika halijazwi tena. Mwenye bunduki kubwa anaweza kujipimia baruti mwenyewe mpaka apate kipimo kinachoipenda bunduki yake. Mwenye .22 hana njia hiyo. Anachagua tu kati ya zilizotoka kiwandani, na akikosea kuchagua hana pa kurekebishia.

Kwetu kuna mpaka mwingine. Cheti cha silaha hutaja idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuweka. Muuzaji mwenye leseni akileta shehena, unanunua kwa kiasi cha cheti chako, basi. Kila risasi ya majaribio ni risasi iliyotolewa kwenye mazoezi. Hilo nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililotufanya tubane jaribio la kwanza, na kulibana ndiko kulikotuponza.

Aina tatu zilizokuwepo dukani zote zilikuwa na kichwa cha greni 40, yaani gramu 2.6 hivi. Nyekundu ilikuwa ya mwendo mkali. Pakiti ilisema futi 1,250 kwa sekunde, ambazo ni mita 381. Kijani ilikuwa ya mwendo wa kawaida, futi 1,070, yaani mita 326. Buluu ilikuwa na mwendo karibu na huo wa Kijani, lakini iliuzwa kama risasi ya mashindano na bei yake ilikuwa zaidi ya maradufu.

Jaribio la kwanza

Tulikwenda renji Jumamosi moja asubuhi na mapema. Hewa ilikuwa imetulia kabisa, nyuzi joto kama 15. Tuliweka kipima mwendo mita tatu mbele ya mtutu, bunduki tukailaza juu ya mifuko ya mchanga, na fundi wa klabu, ambaye sote tunamwita Mzee, akakaa nyuma yake. Mzee alikuwa ameusugua mtutu usiku kwa dawa na brashi mpaka ukang'aa. Alitaka kila kitu kiwe safi kwa ajili ya kazi hiyo.

Akaanza na Buluu, risasi tano. Kisha Kijani tano. Kisha Nyekundu tano. Kwa nusu saa tulikuwa tumemaliza.

Buluu ilipima wastani wa mita 324 kwa sekunde, na kati ya iliyokwenda kasi zaidi na iliyokwenda polepole zaidi palikuwa na mwachano wa mita 17. Matundu yake matano yalienea milimita 17, kutoka katikati ya tundu la mwisho upande mmoja hadi katikati ya tundu la mwisho upande wa pili. Kijani ilipima 327, mwachano 14, kundi la milimita 19. Nyekundu ilipima 379, mwachano 9 tu, na kundi lake lilikuwa la milimita 13.

Nakumbuka nilivyoishika karatasi ile ya Nyekundu. Matundu matano yameshikana kama vidole vya ngumi. Risasi yenye kasi kuliko zote, yenye mwendo sawa kuliko zote, yenye kundi dogo kuliko zote, na bei yake nusu ya Buluu.

Uamuzi na sababu zake

Tulinunua katoni mbili za Nyekundu, risasi 1,000. Sababu nilizoandika kwenye daftari la klabu zilikuwa tatu. Kwanza, risasi inayofika upesi haikai sana hewani, kwa hiyo upepo utakuwa na muda mfupi wa kuisukuma. Pili, mwachano mdogo wa mwendo maana yake risasi hazitapanda na kushuka kwenye karatasi. Tatu, karatasi yenyewe ilikuwa imeshasema.

Sababu ya pili ni ya kweli kwa kiasi. Ya tatu ilikuwa udhaifu wa ushahidi. Ya kwanza, ambayo niliiamini kuliko zote, ni kinyume cha ukweli, na nitairudia chini kwa kirefu.

Kilichofuata

Wiki tatu za kwanza hazikuonyesha kitu. Zawadi alifanya mazoezi asubuhi, hewa ikiwa imetulia, na alama zake zikabaki palepale, pengine pungufu kidogo. Ratiba ya chuo ilipombadilishia zamu akaanza kuja saa tisa alasiri, wakati upepo wa bonde umeamka. Hapo tukaanza kuona tisa, na nane, kushoto na kulia, bila mpango anaoweza kuueleza.

Nilimtazama yeye. Sikuitazama risasi. Nilimsogeza mkanda wa mkono, nikamwinua kiwiko, nikambadilishia namna ya kupumua. Alikubali yote kwa adabu na kila badiliko likamwongezea mashaka. Siku moja aliniuliza, "Kocha, mbona nikivuta naona imetulia, nikitazama kwenye darubini iko kwingine?" Mlengaji anayeweza kutaja mahali bunduki ilipokuwa wakati wa kufyatua ametoa ushahidi mzito. Mimi nikauchukulia kuwa ni kisingizio. Katika kisa chote hiki hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kisha tukashuka Pwani kwa mashindano. Joto lilikuwa nyuzi 31, upepo wa bahari ukivuka renji kutoka upande, majani ya minazi hayatulii. Zawadi alipata 556. Alirudi kwenye basi bila kusema neno, akaweka bunduki miguuni, akalala.

Mzee ndiye aliyelivunja lile jambo. Alisema, "Mwache binti apumzike. Safari hii tuihukumu risasi." Akakiri kwamba kule kusugua mtutu usiku ule kulikuwa kunamsumbua moyoni kwa muda.

Jaribio la pili

Safari hii tulikubaliana masharti kabla ya kufyatua hata moja, tukayaandika. Siku tatu tofauti, moja kati yake iwe ya upepo. Mtutu hautasuguliwa kati ya aina na aina. Kila tunapobadilisha aina, risasi 20 za kwanza zinafyatuliwa bila kuhesabiwa. Baada ya hapo makundi mawili ya risasi kumi kumi. Kila siku aina inayoanza ni nyingine. Yote yanahesabiwa, hata lile tundu ambalo Mzee ataapa kwamba ni kosa la kidole chake.

Ilikuwa gharama. Risasi 360 zilitumika: 180 za kuhesabiwa na 180 za kuuandaa mtutu tu. Kwa cheti chetu hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya kilichobaki, na wanachama wawili walilalamika, nao walikuwa na haki ya kulalamika.

Matokeo yalikuwa haya. Siku mbili za utulivu, makundi manne ya Nyekundu yalienea kati ya milimita 24 na 28. Siku ya upepo yakawa 38 na 43. Wastani wa makundi sita ni 31. Kijani ilienea kati ya 20 na 23 kwenye utulivu, na 28 na 30 kwenye upepo, wastani 24. Buluu ilikuwa kati ya 12 na 14 kwenye utulivu, 18 na 20 kwenye upepo, wastani 15.

Kipima mwendo nacho kikageuza usemi wake. Kwa risasi 60 za kila aina, mwachano wa Nyekundu ulikuwa mita 22, Kijani 19, Buluu 12.

Ili namba hizi ziwe na maana, zitazame kwenye karatasi ya kimataifa ya mita 50. Duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, na duara la tisa 26.4. Tundu likigusa tu mstari linahesabiwa alama ya juu, na kichwa cha risasi chenyewe kina upana wa milimita 5.6, hivyo katikati ya tundu inaweza kwenda hadi milimita 8 kutoka kitovu na bado ikawa kumi. Kundi la milimita 16 lililokaa katikati sawasawa linaweza kuwa kumi zote. Buluu ilimpa mlengaji nafasi hiyo. Nyekundu ilimnyima hata kabla hajashika kitako cha bunduki.

Uchambuzi

Kundi la risasi tano

Kundi moja la risasi tano ni ushahidi hafifu mno wa kuchagulia risasi ya msimu. Bunduki ileile na risasi zilezile zinaweza kutoa kundi la milimita 13 sasa na la 26 baada ya dakika kumi, bila chochote kubadilika isipokuwa bahati. Kundi pia hukua kadiri unavyoongeza risasi: la risasi 10 kwa kawaida huwa kubwa kuliko la tano kwa karibu robo. Kwa hiyo 13 zetu za Jumamosi ile, hata kama zingekuwa kipimo cha haki, zingelingana na 16 hivi kwa risasi 10. Siku za utulivu tulipata 24 hadi 28. Ile karatasi niliyoishika kwa furaha ilikuwa bahati njema iliyotua kwenye aina mbaya.

Mwachano wa mwendo una tabia hiyohiyo. Ukipima tano tu hujakutana bado na ile moja ya ajabu. Ukipima 60 utakutana nayo. Nilikuwa nikilinganisha 9 na 14 na 17 kana kwamba ni sifa za risasi, kumbe ni sifa za sampuli ndogo.

Mtutu uliosuguliwa

Kichwa cha risasi ya .22 kimepakwa nta au mafuta mazito, na kila kiwanda kina mchanganyiko wake. Risasi za kwanza huacha utando wa nta hiyo ndani ya mtutu, na zinazofuata hupita juu yake. Mtutu mkavu uliosuguliwa, au wenye nta ya kiwanda kingine, hutawanya risasi kadhaa za mwanzo, kwa mwendo na kwa mahali zinapotua. Kwa mtutu wetu ilichukua kati ya 15 na 20 kutulia.

Tazama basi tulivyowaonea. Buluu ilifyatuliwa kwanza, kwenye chuma kitupu. Ule mwachano wake wa 17 ulikuwa ni wa mtutu. Nyekundu ilikuja ya mwisho, mtutu ukiwa umeshapitiwa na risasi kumi. Hatukuwa tumepima aina tatu za risasi. Tulikuwa tumepima hali tatu za mtutu.

Upepo

Nilifikiri muda wa safari ndio unaoamua. Siyo. Kinachoamua ni ule muda ambao risasi inachelewa, yaani tofauti kati ya muda iliotumia kweli na muda ambao ingetumia kama hewa isingekuwepo kabisa. Zidisha ucheleweshaji huo kwa mwendo wa upepo wa ubavuni, utapata umbali inaosukumwa.

Risasi ya mita 326 kwa sekunde tayari iko chini ya mwendo wa sauti inapotoka mtutuni. Hewa huivuta kwa upole. Kwenye usawa wa bahari hufika mita 50 ikiwa na mita 300 hivi kwa sekunde, na imechelewa karibu sehemu sita kati ya elfu za sekunde. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ule unaotikisa majani na vitawi bila kutulia, huisogeza milimita 24 hivi.

Risasi ya mita 381 inatoka juu ya mwendo wa sauti. Kwenye ukanda huo hewa huwa kama ukuta, na risasi hulipa kasi yake kwa haraka sana: ikifika mita 50 imeshapoteza karibu mita 45 za kila sekunde yake. Imewahi kufika, ndiyo, lakini ucheleweshaji wake unakaribia sehemu kumi kati ya elfu za sekunde. Upepo uleule huisogeza milimita 38 hivi, zaidi ya mara moja na nusu ya mwenzake wa polepole. Ndiyo sababu risasi nyingi za mashindano za .22 hutengenezwa makusudi ziwe chini ya mwendo wa sauti. Viwanda havishindwi kuongeza baruti.

Hapa ndipo Pwani ilipotumaliza. Mwendo wa sauti hutegemea joto la hewa. Kimo hakina kazi hapo. Kwa nyuzi 15 ni kama mita 340 kwa sekunde, kwa nyuzi 31 ni kama 350. Kimo kinabadilisha uzito wa hewa: kwenye mita 1,700 juu ya bahari hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Asubuhi ya baridi kwetu, Nyekundu ilikuwa ikifika kwenye karatasi ndipo kwanza inakaribia kushuka chini ya mwendo wa sauti. Pwani, hewa ikiwa nzito na mwendo wa sauti umepanda, ilivuka mpaka huo mapema, kabla ya shabaha, kisha upepo wa bahari ukaikuta. Tulikuwa tumeichagua mahali ambapo udhaifu wake ulikuwa umejificha zaidi, saa ambayo ulikuwa umejificha zaidi.

Kipima mwendo kina kazi gani

Sisemi kitupwe. Kwa umbali wa mita 50, risasi ya mwendo wa kawaida ikizidi mwenzake kwa mita 10 kwa sekunde, itatua juu yake kwa karibu milimita 7. Kwa mwachano wa 19, Kijani ilikuwa na haki ya kuenea milimita 13 hivi juu na chini. Makundi yake ya siku za utulivu yalikuwa 20 na zaidi, na sehemu kubwa ilikuwa ya ubavuni. Maana yake kuna kitu kingine ambacho kipima mwendo hakikioni: kichwa kisichokaa sawa kwenye ganda, uzito usiolingana pande zote, namna mtutu huu unavyokishika. Kwa mita 100 mtawanyiko wa juu na chini unaotokana na mwendo unakuwa karibu mara nne, na hapo kifaa hiki ni cha lazima. Kwa mita 50 kinakueleza risasi ipi haifai. Hakikuelezi ipi inafaa. Hilo husemwa na karatasi.

Yaliyofanya kazi

Kuandika masharti kabla ya kufyatua kulituokoa na tabia ya kufuta tundu linalotuudhi. Kuzungusha mpangilio kuliondoa upendeleo wa mtutu. Siku ya upepo, ambayo wengine walitaka tuiahirishe, ilitufundisha kuliko zile mbili za utulivu. Na Mzee kutaja kosa lake mwenyewe mbele ya vijana kulifanya na mimi niweze kutaja langu kwa Zawadi. Nilimwomba radhi kwa ule mkanda na kile kiwiko, tukarudisha kila kitu kama alivyokuwa nacho mwanzo.

Matokeo

Zawadi alihamia Buluu kwa mashindano na Kijani kwa mazoezi ya kawaida. Nyekundu iliyobaki tuliwapa wanaoanza, wanaolenga sahani za chuma kwa karibu. Shindano lililofuata, juu kwetu, alipata 577. Lililofuata tena Pwani, upepo ukiwa karibu uleule, alipata 574. Hiyo ya pili ndiyo niliyoifurahia zaidi.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Miezi mitano baadaye Buluu iliisha, tukanunua nyingine: jina lilelile, bei ileile, pakiti ileile. Makundi yakawa milimita 21. Mzee alikusanya pakiti tupu za zamani akatuonyesha namba ndogo iliyopigwa ubavuni. Toleo, yaani mkupuo wa kiwandani, lilikuwa jingine. Walengaji wa mashindano makubwa wanalijua hili siku nyingi; Eley ya Uingereza na Lapua ya Ufini zina mahali ambapo mlengaji hupeleka bunduki yake ikapimwa kwa matoleo mbalimbali mpaka lipatikane linaloipenda, na Eley huchapa hata mwendo wa toleo kwenye pakiti. Sisi hatuna mahali hapo karibu. Tunachofanya sasa ni kumwomba muuzaji pakiti mojamoja za kila toleo alilonalo, kufyatua makundi manne ya risasi 10 kwa kila moja, kisha kununua yote ambayo cheti kinaruhusu ya toleo moja.

Zawadi ndiye anayetunza daftari hilo. Kwenye kila ukurasa kuna namba ya toleo, joto la siku, mwelekeo wa upepo, na karatasi yenyewe ya shabaha imebandikwa kwa gundi, matundu yote kumi yakiwa yamezungushiwa kalamu.